Jinsi ya kuikagua ahadi ya "tutapanda miti" kabla hujaiamini

Ukisikia nchi au kampuni imetangaza itafikia neti ziro (yaani hewa chafu inayotoa ilingane na inayonyonywa) kwa kupanda miti, usianze kuhesabu miche, anza kutafuta ardhi. Yaani hiyo miti itasimama wapi, na hapo mahali saa hizi yuko nani. Hilo ndo swali linalorukwa karibu kila mara na wanaoumia ni watu ambao hata hawakuulizwa, ndo maana linanikera sana.

Kwanza geuza tani kuwa hekta. Ahadi nyingi zimeandikwa kwa tani tu, ardhi haitajwi kabisa, so chukua kalkuleta. Msitu unaokua unanyonya hewa ukaa (CO2) kwa kiasi tofauti kutegemea mvua, udongo na aina ya miti, lakini tuseme kwa mfano ni tani 10 kwa hekta kwa mwaka, basi aliyeahidi kunyonya tani milioni 10 kila mwaka anahitaji hekta milioni 1, yaani kilomita za mraba 10,000. Zipo wapi? Hapohapo cheki wameandika tani za kaboni au tani za hewa ukaa, maana tani 1 ya kaboni ni kama tani 3.67 za hewa ukaa na ukichanganya hesabu yote inaharibika. Mwaka 2022 ripoti ya watafiti iitwayo Land Gap ilijumlisha ardhi inayohitajika kwa ahadi za nchi mbalimbali ikapata karibu hekta bilioni 1.2, ambayo haiko mbali sana na ardhi yote inayolimwa mazao duniani, na zaidi ya nusu yake inataka ardhi yenye matumizi mengine igeuzwe kuwa msitu.

Ukikuta maneno "ardhi tupu" au "ardhi isiyotumika" simama hapo. Mara nyingi hiyo ni malisho ya wafugaji, au shamba limepumzishwa, au watu wanaokota kuni na dawa humo toka enzi za babu zao ila hawana hati. Na nyika sio msitu ulioharibika jamani, ina mimea yake na wanyama wake, na kaboni yake nyingi iko chini kwenye mizizi na udongo, ukiilima ili upande miti unaanza kwa kuitoa.

Afu uliza miti gani. Bonn Challenge, mpango wa kimataifa wa nchi kuahidi kurudisha misitu, ilianza 2011, baadaye lengo likawa hekta milioni 350 ifikapo 2030, ila uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2019 ulionyesha asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa ni mashamba ya miti ya biashara. Hayo yanavunwa kila baada ya miaka michache na kaboni nyingi inarudi hewani, hayawezi kuhesabiwa sawa na msitu wa asili ulioachwa uzeeke.

Muda nao uangalie. Hewa ukaa ya makaa ya mawe na mafuta inaathiri hali ya hewa kwa mamia ya miaka na zaidi, wakati mti unaweza kuungua wiki moja tu, Kanada mwaka 2023 ziliteketea zaidi ya hekta milioni 10. Kwahiyo tafuta kama wametenga akiba ya hasara, yaani kaboni ya ziada iliyowekwa pembeni kufidia miti ikipotea, na nani atalipa msitu ukiungua baada ya mradi kuisha.

Ukiwaandikia, omba vitu vitatu: ramani ya eneo lenyewe, ushahidi kwamba wanaoishi pale walikubali kabla ya mradi kuanza, na namba mbili zilizotenganishwa, moja ya uchafuzi watakaopunguza kwenye viwanda na magari yao, nyingine ya kile ardhi itakachonyonya. Wakikupa namba moja iliyochanganywa, rudisha barua na uombe tena zitenganishwe.