"Ni jwenti tu": Jinsi ya kuamua kununua gari lenye moteri mbovu

Karibu kila wiki mtu anafika garajini kwangu hapa Lubumbashi akiwa na picha ya gari kwenye simu. Mara nyingi ni Toyota iliyopita Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa: bodi inang'aa, viti safi, bei chini kuliko zote. Kisha ananiambia: "Fundi, muuzaji anasema ni jwenti ya kulasi tu."

Hilo neno "tu" limewatia watu wengi hasara. Jwenti, ile gasketi inayokaa kati ya kulasi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), mara chache hufa yenyewe. Kuna kitu kimeiua, na hicho ndicho unachouziwa. Fuata hatua hizi kabla hujatoa hata dola moja ya avansi.

Hatua ya 1: Uliza gari lilikufaje

Usiulize "lina shida gani?" Uliza lilizimikia wapi, nani alikuwa anaendesha, na lilitembea umbali gani baada ya mshale wa joto kupanda. Dereva aliyesimama palepale ameokoa moteri. Aliyesema "nifike tu nyumbani" ameipika.

Chukua 1NZ-FE, moteri ya IST, Vitz na Probox. Kulasi yake ni ya aluminiamu, bloku pia. Uso wa kulasi unaokaa juu ya jwenti unaruhusiwa kupinda 0.05 mm, karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Joto likizidi unapita hapo upesi, na jwenti mpya utakayoweka itaungua tena. Kulasi inaweza kusawazishwa kwa mashine. Bloku ikipinda ni kesi nyingine: kuta za silinda ni nyembamba, hazichongwi na kuwekewa pistoni kubwa kama tulivyozoea kwenye bloku za chuma za zamani.

Kwa RAV4, Camry au Ipsum yenye 2AZ-FE ya lita 2.4, uliza zaidi. Moteri hiyo ina ugonjwa unaojulikana: nyuzi za bolti za kulasi ndani ya bloku hung'oka, hasa upande wa nyuma. Bolti inazunguka bila kukaza. Ukibadilisha jwenti bila kutengeneza nyuzi hizo, umetupa pesa.

Uliza pia kama moteri imeshafunguliwa, mara ngapi. Ikiwa ni zaidi ya mara moja, mimi siendi kuangalia.

Hatua ya 2: Fika asubuhi, gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya moteri. Ukikuta joto, kuna kitu wamekificha. Rudi siku nyingine.

Fungua kifuniko cha radiateri (kikiwa baridi tu, nimeona nyuso zilizoungua). Maji ya rangi ya kutu yanakuambia walikuwa wanajaza ya bomba, siyo maji ya radiateri yenye dawa, na kutu hiyo sasa imeziba mifereji. Mpira wa kifuniko ukague pia. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, hivyo maji yasiyobanwa yanachemka kwenye digrii 96 badala ya 100. Kifuniko kilichochoka peke yake kinatosha kuchemsha gari.

Sasa chomoa kijiti cha mafuta. Rangi ya kahawa yenye maziwa maana yake maji yameingia kwenye mafuta, hata kwenye kusineti (beringi) za bieli, ile mikono inayoshika pistoni. Hapo usihesabu jwenti, hesabu moteri nzima. Lakini ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha mafuta, huku kijiti kikiwa safi, usikutishe: gari la safari fupi hupata hivyo wakati wa baridi.

Hatua ya 3: Liwashe

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya moteri na ya mafuta lazima ziwake, kisha zizimike moteri ikishika. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa makusudi.

Mara baada ya kuwasha, minya bomba la juu la radiateri. Likiwa gumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, gesi ya silinda inapita kwenye jwenti. Moshi mweupe wa asubuhi ya Juni au Julai ni mvuke wa kawaida ukiisha dakika chache baadaye. Usipoisha, na maji yanapungua, moteri inaunguza maji. Wa buluu ni mafuta.

Ukisikia mlio mzito wa kugonga chini ya moteri, ngo-ngo-ngo, unaoongezeka ukikanyaga, zima. Hiyo ni bieli.

Hatua ya 4: Lipeleke barabarani

Kama linatembea, tembea nalo nusu saa. Mji wetu ni tambarare, hakuna vilima vya Bukavu vya kulichosha, kwa hiyo anza na barabara ya Kasumbalesa kwa mwendo, kisha ingia moja kwa moja kwenye msongamano wa soko la mtaa wetu wa Kenya, hewa baridi ikiwa imewashwa. Mshale wa joto ukipanda gari likiwa limesimama, angalia feni kwanza. Ukibaki chini kabisa muda wote, huenda walitoa termostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya radiateri yakipata joto. Wengi hapa wanadhani kuitoa ni dawa. Lakini kwenye moteri nyingi za Toyota, ukiitoa, sehemu ya maji huanza kuzunguka bila kupita kwenye radiateri.

Hatua ya 5: Pima kompresio

Kipimo hiki cha mgandamizo ndani ya silinda ndicho ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote, nami nikiwemo. Moteri iwe ya moto, buji (plagi) zote zitolewe, esanse (petroli) ikatwe, mguu ubonyeze pedali ya mwendo hadi chini. Kwa 1NZ-FE kiwango cha chini ni 11 kg/cm², na tofauti kati ya silinda isizidi 1. Iliyo chini itie kijiko cha mafuta upime tena. Ikipanda, segma (ringi za pistoni) zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au jwenti. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, jwenti imepasuka kati yao.

Muuzaji akikataa kipimo hiki, mshukuru uondoke.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya ubaya wote

Tafuta bei ya gari kama hilo likiwa zima. Toa gharama ya ugonjwa mbaya zaidi uliobaki bila kukanushwa na vipimo, siyo ule aliotaja muuzaji. Kama hukuweza kuwasha, hiyo ni moteri nyingine ya okazioni (iliyotumika) pamoja na kazi. Ongeza robo juu yake kwa mabomba, radiateri na siku za kutembea kwa miguu. Kwa mfano tu: zima ni dola 5,000, moteri na kazi 1,400, na robo yake 350. Zinabaki 3,250. Akitaka 4,000, hilo gari ni ghali.

Mkikubaliana, linganisha namba ya shasi na karti roze (hati ya usajili wa gari), kisha, kama vipimo vilionyesha ugonjwa, livute kwa kamba hadi garajini. Usiliendeshe hata kilomita tano.