SOMO: Kabla hujaongeza mafundi saiti, jua kwanza kinachokuchelewesha

Wakuu, habari za Jumapili.

Kila mwaka ikifika Septemba napokea swali lilelile: "Nyumba yangu ya Moshi iko kwenye msingi, Krismasi nataka niile humo ndani, niongeze mafundi wangapi?" Nimelijibu kwa simu, nimelijibu WhatsApp, juzi nimelijibu hadi msibani. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena natuma linki.

Kazi yangu ni kusimamia saiti ndogo Moshi na upande wa Arusha: nyumba za familia, vyumba vya kupangisha, fremu za maduka. Mwenye ghorofa atafute mhandisi, hapa hapamfai.

Hatua ya 1. Ramani, kibali cha ujenzi, BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na bei zake). Kama huna, ishia hapa kusoma.

Hatua ya 2. Andika kwenye daftari kila kazi, siku zake, na kazi ipi lazima iishe ndipo hiyo ianze. Siku muulize fundi wako, kisha muulize fundi mwingine ambaye hatafuti hiyo kazi.

Hatua ya 3. Tafuta mnyororo mrefu, yaani mfululizo wa kazi zinazosubiriana ambao ndio unaoshika tarehe ya kumaliza. Someni taratibu, maana hapa ndipo nilipowahi kuungua na hela ya mtu.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, ya mfano tu. Msingi na jamvi (zege la chini linalofunika msingi) siku 14. Kuta 18. Linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) pamoja na kozi, yaani mistari ya tofali, za juu yake 11. Kenchi (mbao za paa) na bati 10. Lipu 14. Sakafu na usafi 8. Jumla siku 75 za kazi, yaani wiki 12 na nusu ukipumzika Jumapili. Wengi wanaishia kujumlisha hapo, wanamwambia mama mkwe tarehe.

Sasa weka za pembeni. Shimo la maji taka siku 12, hilo halina shida, linachimbwa wakati wowote. Lakini grili za madirisha na milango zinakaa kwa fundi wa kuchomelea siku 30, na kwa mazoea yetu anakuja kupima kuta zikishaisha, yaani siku ya 32. Thelathini na mbili jumlisha thelathini ni siku ya 62. Bati lako linaisha siku ya 53. Grili hazijafungwa, lipu haianzi. Saiti inalala siku 9 na nyumba inaisha siku ya 84.

Kwenye saiti moja Njiro tuliwalipa mafundi wa paa nyongeza nzuri wamalize siku 6 badala ya 10. Wakamaliza kweli. Bati zikawaka jua la Arusha kwa karibu wiki mbili, mlinzi analipwa, mafundi wa lipu wamekaa chini ya mwembe wanauliza posho, na sisi wote tunampigia simu mtu wa grili ambaye anajibu "zipo kwenye rangi". Hatukuokoa hata siku moja. Paa halikuwa ndilo lililoshika tarehe.

Dawa yake ni kuagiza grili mapema, kama siku ya 20, kuta zikiwa usawa wa madirisha, kwa vipimo vya ramani. Siku ya 50 ziko tayari, una siku 3 za akiba, na nyumba inarudi kwenye 75. Ila tahadhari hizi usiziruke:

Fundi wa tofali haaminiki kwa inchi. Mtengenezee fremu ya mbao kwa kila saizi ya dirisha, ajenge akiizungushia. Bila hiyo grili itakuja kubwa na mtaanza kubomoa, au ndogo na mtaziba kwa zege huku mkilaumiana.

Punguza saizi. Nyumba yenye saizi mbili za madirisha inakwenda haraka kuliko yenye saizi tano, na ukikosea dirisha moja grili inahamia lingine.

Usimlipe wa karakana yote. Mpe ya chuma, nyingine baada ya wewe mwenyewe kwenda kuona zimeungwa, ya mwisho zikishafungwa ukutani. Ukienda, hesabu grili zilizokwisha kuungwa. Nondo zilizoegeshwa ukutani zinaweza kuwa za mteja mwingine. Na kuanzia Novemba karakana za Moshi zimejaa oda za watu wanaokuja kula sikukuu. Ukiagiza wakati huo, zile siku 30 zisahau.

Utasema lipu ianze kwenye kuta zisizo na madirisha. Inawezekana. Akirudi kuziba pembeni mwa grili utamlipa tena, na kiungo kitaonekana hata ukipaka rangi ya bei gani.

Hatua ya 4. Jua bei ya siku moja. Siku ya kuchelewa ina bei, na siku ya kuharakisha ina bei. Tuseme unalipa kodi laki tatu kwa mwezi na mlinzi laki moja na nusu. Hiyo ni 15,000 kwa siku. Fundi wa lipu anakwambia nipe 240,000 zaidi niongeze watu, nitoe kwenye siku 14 nikupe 10. Anakuuzia siku moja kwa 60,000. Kwa nini ununue kwa elfu sitini kitu kinachokugharimu elfu kumi na tano? Mwache aende na mwendo wake.

Hesabu inageuka mvua ikikaribia. Kuta zisizo na paa Machi mwishoni ni habari nyingine: masika ikianza, lori la mchanga halifiki kwenye barabara ya udongo, saruji inapata unyevu, na vibarua nusu wameenda kupanda mahindi. Hapo siku ya kuchelewa haina tena bei ya elfu kumi na tano. Lipa, paua.

Hatua ya 5. Kazi zenye nafasi, yaani zinazoweza kusubiri bila kuchelewesha nyumba, zisogeze zifuate watu na mashine. Ukikodi mashine ya zege kwa ajili ya linta, mfuniko wa shimo la maji taka uwe umeshasukwa nondo, umwage vyote siku hiyo. Shimo lichimbwe na vibarua walewale siku ambazo kuta zinasubiri tofali. Usikodi mara mbili kwa sababu ya uvivu wa kupanga.

Hatua ya 6. Hela ifuate kazi. Usinunue bati ukiwa kwenye msingi eti bei itapanda, halafu ukakosa hela ya linta. Na asilimia 10 ya bajeti iweke mahali ambapo hata wewe unaona uvivu kwenda kuichukua.

Hatua ya 7. Kila Jumamosi kabla ya kulipa, andika namba tatu: kazi iliyotakiwa iwe imefanyika leo ni ya shilingi ngapi kwenye BOQ, iliyofanyika kweli ni ya ngapi, na umetoa ngapi. Mfano, bajeti ya kufika kwenye bati ni milioni 18. Leo ulitakiwa uwe na kazi ya milioni 6, iliyopo ni ya 4.5, umetoa 5.5. Umechelewa, na pia unatumia hela zaidi ya kazi iliyofanyika. Gawanya 5.5 kwa 4.5, zidisha kwa 18: ukiendelea hivi utafika kwenye bati kwa milioni 22. Afadhali ujue leo kuliko kenchi zikiwa juu.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Kijana wa Pasua: Mkuu somo zuri sana, nimelisevu. Sasa nyumba ya vyumba vitatu mpaka kuhamia ni kama bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kijana wa Pasua: Makadirio tu mkuu, hata kwa juu juu.

Mwandishi: Sijui kiwanja chako kina mteremko gani, maji unatoa wapi, unataka bati la geji gani. Nikikutajia namba leo, mwakani utakuja hapa kunitukana. Hatua ya 1.

Mama Doreen: Kaka yangu, asante. Mimi niko Muscat, najenga Boma Ng'ombe, hela natuma kila mwisho wa mwezi kwa mdogo wangu. Haiji kwa mkupuo. Huo mnyororo unanisaidia vipi wakati saiti inasimama kila ikifika tarehe 15 hela ikiisha?

Mwandishi: Dada, swali hili nimelisubiri. Kwako kinachoshika tarehe ni mshahara wako, sio fundi. Kwa hiyo usipange kwa siku, panga kwa vipande vinavyoanza na kuisha ndani ya hela ya mwezi mmoja, na kila kipande kiishie mahali salama pa kusimama. Msingi ukifunikwa jamvi, unaweza kusimama. Kuta zikifika linta na linta ikamwagwa, unaweza kusimama. Mahali pabaya ni msingi ulioachwa wazi, nondo zilizosukwa zinazopata kutu, na kenchi zisizo na bati. Kama mwezi huu hela haitoshi kenchi na bati pamoja, usianze kenchi. Fyatua tofali za uzio au chimba shimo. Na fundi mlipe kwa kipande kilichoisha, sio kwa siku, vinginevyo siku za kusimama zitaingia kwenye hesabu zako. Mdogo wako akutumie video ya kipande kilichoisha ndipo utume inayofuata. Simsemi vibaya, inamsaidia yeye pia asilaumiwe.

Mama Doreen: Mungu akubariki. Kuhusu saruji, yeye ananunua mifuko mingi nikituma hela ili isiliwe.

Mwandishi: Nia njema, ila saruji inazeeka. Ikikaa miezi mitatu nguvu imeshapungua, na kwenye unyevu ni haraka zaidi. Kama lazima ikae, ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, ya zamani itumike kwanza. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo usiiweke kwenye linta. Kama anataka kufungia hela kwenye kitu, anunue kokoto, mawe au tofali. Hizo hazizeeki.

Fundi Mkongwe: Nyie wasimamizi mnapenda kusema fundi haaminiki kwa inchi. Ramani zenyewe mnaleta picha ya simu imekatika pembeni. Tukiuliza mnasema "jenga tu fundi, unajua".

Mwandishi: Nimesema ajengewe fremu ili asibahatishe, sijasema ni mwizi. Ila la ramani uko sahihi, mkubwa wangu, na shikamoo. Wenye nyumba, chapeni ramani kwenye karatasi kubwa, ibandikeni stoo ndani ya nailoni.

Fundi Mkongwe: Marahaba. Na fremu msipige misumari ya inchi mbili, inaachia ikilowa. Wekeni na mkono wa kukatiza kona, isije ikalala upande.

Mwandishi: Ongezeni hiyo kwenye hatua ya 3.

Mwanachuo Tengeru: Shikamoo mkuu. Mwalimu wetu anafundisha jambo hili kwa duara na mishale, sikuwahi kuelewa linatumika wapi. Je, hii ni kitu kimoja? Na siku za zege kukomaa zinapunguzwa kwa hela?

Mwandishi: Marahaba dogo. Ni kitu kilekile, mnyororo mrefu wa hatua ya 3; kwa Kiingereza ni Critical Path Method, CPM. Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kukiunda mwaka 1957 huko Marekani, wakipanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali, na tangu mwanzo waliweka na gharama ya kufupisha kila kazi, ndiyo hatua yangu ya 4. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likatengeneza ndugu yake, PERT, njia nyingine ya kupanga kazi, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Kwenye mishale yako, mshale ambao ukirefuka siku moja nyumba nzima inachelewa siku moja, huo ndio uulinde.

Zege hainunuliki. Inapimwa nguvu siku ya 28; siku ya 7, kwa saruji ya kawaida iliyomwagiliwa vizuri, ina kama theluthi mbili. Mbao za pembeni za linta toa mapema, kozi ziendelee juu, lakini mirunda (miti inayoshikilia zege) ya chini kwenye nafasi pana iache. Mwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Anayekwambia ataongeza saruji ili mtoe mirunda kesho, mwambie ang'oe wewe ukiwa umesimama nje.

Baba Junior Sakina: Mkuu mimi nimeongeza mafundi wanne kwenye kuta na bado wanakwenda polepole. Kwa nini?

Mwandishi: Saidia fundi wako wangapi? Toroli ngapi? Maji yako wapi?

Baba Junior Sakina: Saidia wawili, toroli moja. Maji tunachota kwa jirani, mita kama mia.

Mwandishi: Umejijibu. Mafundi wanne wapya wanasubiri udongo (saruji na mchanga uliochanganywa) unaoletwa na toroli moja. Warudishe wawili, hela yao nunua simtanki la lita elfu moja na toroli ya pili, liweke karibu na mchanga.

Kijana wa Pasua: Simtanki lita elfu ni bei gani mkuu?