Indeksi ipo, mbona kweri bado nzito? Angalia ASC na DESC

Indeksi ni orodha iliyopangwa inayosaidia hifadhidata kujibu kweri (ombi la data) haraka; ASC ni kupanga kwa kupanda, DESC kwa kushuka. Indeksi ya safu (column) moja haina shida: hifadhidata huisoma kutoka mbele au kutoka nyuma, kwa hiyo usitengeneze ya pili kwa ajili ya DESC tu. Kasheshe huanza safu mbili zikipangwa pande tofauti. Mfano, kwenye MySQL:

ORDER BY tawi ASC, tarehe DESC LIMIT 20

Indeksi ya (tawi, tarehe) ikisomwa mbele, tarehe za zamani zinatangulia. Ikisomwa nyuma, matawi nayo yanageuka. Hakuna upande unaofaa, basi rekodi zinapangwa upya ndipo upewe zile 20. EXPLAIN, amri inayoeleza kweri inavyotekelezwa, itakuonyesha "Using filesort", yaani huko kupanga upya. Dawa ni hii:

CREATE INDEX idx_tawi_tarehe ON miamala (tawi ASC, tarehe DESC);

Hakikisha tu uko kwenye MySQL 8.0 kwenda juu. Matoleo ya nyuma yalikubali neno DESC kwenye indeksi bila kulalamika, kisha yakalipuuza, jambo linalopoteza watu muda mwingi sana.

Kama kweri yako ina WHERE tawi = 5, achana na haya yote; tawi ni moja, indeksi ya kawaida ya (tawi, tarehe) inatosha.