Namna ya Kuyeyusha Kioo chenye Bismuthi na Kupima Mwanga Wake wa Infraredi

Mwongozo huu nimeuandikia Tabora, kwa walimu na wanafunzi wa fizikia watakaopata nafasi katika maabara yenye tanuri linalofikia nyuzi 1,550 za Selsiasi. Mkongo wa mawasiliano unaofika hapa kwetu na Kigoma husafirisha taarifa kwa mwanga usioonekana, hasa wa nanomita 1,310 na 1,550. Vikuza-mwanga vya erbiamu, yaani vifaa vinavyouongezea nguvu mwanga ndani ya mkongo, huhudumia eneo jembamba la karibu na nanomita 1,550, na ndiyo maana watafiti walivutiwa sana mwaka 2001, Fujimoto na Nakatsuka wa Japani walipoeleza kuwa silika (kioo cha oksidi ya silikoni) yenye bismuthi, ambayo ni metali, hutoa mwanga mpana wa infraredi karibu na nanomita 1,250.

Mchanganyiko wa kuanzia, kwa hesabu ya moli, ni oksidi ya germani asilimia 96, alumina (oksidi ya alumini) 3 na oksidi ya bismuthi 1. Saga pamoja mpaka unga uwe wa rangi moja, kisha yeyusha katika chungu cha alumina. Usitumie platini, kwa kuwa bismuthi iliyopoteza oksijeni huungana nayo na kukiharibu chungu. Mimina juu ya bamba la chuma, upoze polepole kioo kisipasuke, halafu kisugue nyuso zake.

Kiini cha kazi hii ni oksijeni. Wahunzi wa Unyamwezi na Buha walijua kwamba mkaa huyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake, na bismuthi nayo hunyang'anywa vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo tu. Bismuthi yenye chaji tatu chanya, kama ilivyo katika oksidi, haitoi mwanga tunaoutafuta. Watafiti wanabishana bado kuhusu umbo hasa linaloutoa, lakini ushahidi mwingi unaelekea kwenye bismuthi iliyopunguziwa chaji. Joto kali peke yake huanza kuiondoa oksijeni. Kwa hiyo epuka kishawishi cha kuongeza magadi ili kushusha joto la kuyeyukia, kwani kioo chenye alkali nyingi huibakiza bismuthi katika chaji ile ile ya tatu. Itazame rangi kwa makini: kioo cheupe au cha manjano hafifu hakijanyang'anywa oksijeni vya kutosha, chenye wekundu au udhurungi kinatia matumaini, cheusi kimezidishiwa, na ndani yake mna chembe za bismuthi tupu.

Kwa kupima, mulika kioo kwa leza ya nanomita 808, ukivaa miwani maalumu, kwa sababu mwali huo huumiza jicho ambalo halikuuona. Kitambuzi cha silikoni hakifai: hupofuka karibu na nanomita 1,100, na mkunjo wa usikivu wake huweza kukuonyesha kilele cha uongo kabla ya hapo. Tumia kitambuzi cha indiamu, galiamu na aseniki, na mbele ya spektromita, kifaa kinachoutenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi, weka chujio linalozuia mwanga wote ulio chini ya nanomita 900. Pasipo chujio hilo, leza yenyewe hujitokeza tena kwenye 1,616, mara mbili ya urefu wake wa wimbi, na wengi huidhania kuwa ugunduzi.

Kioo kilichofaulu huonyesha kwenye grafu kilima kipana cha nanomita 300 hivi, kilele chake kikiwa karibu na 1,300. Kabla ya kuandika matokeo, yeyusha kioo cha pili kwa njia ile ile bila bismuthi na ukipime mahali pale pale. Kilima kikibaki, kitafute chanzo chake kwenye vifaa.