Somo: Kuucheza Old Course wa St Andrews, kuanzia bendera kurudi kwenye tii

Wakuu, salaam. Kiangazi cha Scotland kikikaribia, wenzetu walioko Uingereza na wanaosafiri kutoka Nairobi na Dar huanza kuulizia Old Course, uwanja wa gofu wa mji wa St Andrews. Habari njema ni kwamba uwanja huu ni wa umma. Mwenye cheti cha hendikepu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) anaweza kuingia kwenye bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla ya siku anayoitaka, mradi awe na mwenzake angalau mmoja. Jumapili gofu halichezwi. Wenyeji hupita humo wakitembea na mbwa wao. Ukishapata nafasi, kazi inayobaki ni ya kichwa.

Somo hili nimelilenga kwa mchezaji wa hendikepu ya kati, yule anayepiga vizuri mara tatu na ya nne inakwenda inakotaka yenyewe. Wenye uwezo wa kupiga mita 270 wana mambo yao.

Hatua ya 1: Ijue ramani

Uwanja unatoka mjini kuelekea pale mto Eden unapoingia baharini. Mashimo sita ya kwanza yanakwenda, kuanzia la 7 hadi la 11 yanajizungusha, halafu yanayobaki yanarudi mjini sambamba na yale ya mwanzo. Grini saba (grini ni sehemu laini yenye tundu na bendera) zinabeba mashimo mawili mawili, na namba za mashimo yanayoshiriki grini zikijumlishwa zinatoa 18 kila mara: 2 na 16, 3 na 15, 4 na 14, 5 na 13, na kuendelea. Yenye grini ya peke yake ni la 1, la 9, la 17 na la 18. Bendera za kwenda kwa kawaida ni nyeupe, za kurudi nyekundu, kwa hiyo hakikisha rangi kabla hujalenga.

Hapa kuna faida ambayo wageni wengi wanaipita bila kuiona. Ukiwa unamalizia shimo la 4, bendera ya la 14 iko kwenye grini hiyo hiyo. Itazame. Iko nyuma au mbele? Imejificha nyuma ya mwinuko? Mwambie kedi wako (mbeba mfuko wa fimbo) aandike. Saa mbili baadaye utakuwa kwenye tii ya 14, yaani mahali pa kuanzia shimo hilo, ukijua jambo ambalo huwezi kuliona kutoka pale uliposimama.

Hatua ya 2: Kushoto kuna usalama, kulia kuna mlango

Hili ndilo somo lenyewe. Mengine yote yanatoka hapa. Uwanja unachezwa kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo karibu kila shimo hatari kubwa iko mkono wa kulia. Wakati wa kwenda ni vichaka vya miiba, wakati wa kurudi ni ukuta, uzio na nje ya mipaka. Kushoto kwako kuna fewei (njia ya nyasi fupi) ya shimo jingine, pana, na mpira ukiangukia huko bado unachezeka.

Kwa sababu hiyo kila mgeni huambiwa "piga kushoto." Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Ukipiga kushoto mfululizo, mkwaju wa pili unakukuta bunka (mtego wa mchanga) iko katikati yako na bendera, na ardhi ni ngumu kiasi kwamba mpira wa juu hautui ukatulia. Anayekaa kulia, karibu na hatari, ndiye anayeona mlango wa grini uko wazi. Uwanja unakuuliza swali lile lile kila tii: uko tayari kulipa kiasi gani ili mkwaju wa pili uwe rahisi?

Jibu langu kwa mchezaji wa kati: kushoto kwenye tii, kisha kubali kwamba mkwaju wa pili unakwenda sehemu pana ya grini, si kwenye bendera. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, hapa kwa mikwaju 19 chini ya kiwango (idadi ya mikwaju inayotarajiwa), na katika raundi zote nne hakuingia bunka hata moja, ingawa uwanja una zaidi ya 100. Kama yeye alikuwa anazikwepa kwa mpango, mimi na wewe tunazifuatia nini?

Hatua ya 3: Badilisha hesabu ya umbali

Hii ni kwa watu wa Nairobi hasa. Nyumbani mnacheza zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. St Andrews ni pwani, tena kuna baridi. Kama fimbo ya chuma namba 7 hukupa mita 140 Muthaiga, hesabu 130 hewani, na upepo ukiwa usoni pungufu ya hapo. Lakini ukitua, unakimbia. Nyasi ya kikuyu tuliyoizoea hukamata mpira; nyasi ya huku ni fupi na ardhi imekauka, mpira unaweza kubiringika mita 30 na kufuata kila bonde. Kwa hiyo usiulize tu mpira utatua wapi, uliza utasimama wapi.

Hatua ya 4: Mashimo ya kupangia

Shimo la 1 lina fewei pana ajabu, imeungana na ya 18, na halina bunka. Kilichopo ni kijito cha Swilcan, kinachopita mbele kabisa ya grini. Acha draiva, ile fimbo ya kupigia mbali. Piga chuma au haibridi ubakiwe na mkwaju kamili wa weji (fimbo ya masafa mafupi) au namba 9, halafu chukua fimbo inayopiga mbali kidogo kuliko ile unayodhani inatosha. Nyuma ya bendera unaumia kidogo tu.

La 7 hadi la 12 ndiko kwa kukusanya matokeo mazuri, hasa la 9 na la 10, mafupi na tambarare. Ila la 12 lina bunka ambazo huzioni kabisa kutoka kwenye tii. Sababu ni kwamba zamani uwanja ulichezwa pia kwa mwelekeo wa kinyume, na bunka zile zinawatazama waliokuwa wakitokea upande ule. Hapo msikilize kedi bila kubishana.

La 11 ni la mikwaju 3, yadi 174. Kushoto kuna bunka ya Hill, kulia mbele kuna Strath, na grini imeinama sana kutoka nyuma kuja mbele. Mwaka 1921 Bobby Jones, akiwa kijana wa miaka 19, aliingia Hill, akashindwa kutoka, akajitoa mashindanoni. Alirudi akashinda The Open hapa hapa mwaka 1927. Wewe lenga katikati, na ukikosea kosea kwa kufupisha: mpira unaosimama mbele ya grini, kati ya bunka mbili, unakuachia msukumo wa kupanda. Ukipita nyuma, unasukuma kuteremka na hauzuiliki.

La 14 ni la mikwaju 5. Wachezaji wa The Open hulipiga kwa zaidi ya yadi 600. Tii: ukuta kulia, bunka nne za Beardies kushoto, katikati uwanda mzuri. Kisha inakuja bunka ya Hell, yenye ukuta mrefu kuliko mtu, ikingoja mkwaju wa pili. Mwaka 1995 Jack Nicklaus, bingwa aliyeshinda The Open mara mbili kwenye uwanja huu, aliondoka shimo hili na mikwaju 10 baada ya kukwama humo. Usijaribu kuiruka. Kwa mkwaju wa pili, elekea kushoto kwenye fewei ya shimo la 5. Unapoteza mita chache, unabaki na mpira unaochezeka.

Hatua ya 5: Shimo la 17, polepole

Hili ndilo Road Hole, yadi 495 kwenye The Open ya 2022, la mikwaju 4. Kwenye tii huioni fewei. Mbele yako kuna ukuta wa mabanda yenye maandishi ya Old Course Hotel, na kedi atakuonyesha herufi ya kulenga. Kadiri unavyosogea herufi za kulia ndivyo unavyokaribia hoteli, na hoteli ni nje ya mipaka. Mchezaji wa kati alenge ukingo wa kushoto wa maandishi, au nje yake kabisa.

Sasa grini. Ni nyembamba na imelala mshazari. Upande wa kushoto mbele yake kuna Road bunka, ndogo kwa macho, lakini ardhi yote inayoizunguka inateremkia ndani, kwa hiyo inameza mipira ambayo haikulengwa kwake. Nyuma ya grini kuna barabara na ukuta wa mawe, na barabara hiyo ni sehemu ya uwanja: mpira ukisimama barabarani unaupiga hapo hapo. Mwaka 1984 Tom Watson alikuwa bega kwa bega na Seve Ballesteros alipoupiga mkwaju wake wa pili ukapita grini, ukasimama karibu na ukuta. Ballesteros akachukua kombe.

Kwa hiyo ukiogopa bunka unapitiliza barabarani, ukiogopa barabara unaanguka bunkani. Dawa ni kutolitazama kama shimo la mikwaju 4. Mkwaju wa pili upeleke kulia mbele ya grini, kwenye kibonde, ubakiwe na mita 20 au 30. Kutoka hapo tumia fimbo ya kusukumia: mpira unapanda mteremko, unageuka, unatulia. Raundi ya mwisho ya 2022, Cameron Smith alikuwa anaongoza, bunka ikiwa kati yake na bendera. Hakuinua mpira. Aliusukuma chini, ukazunguka ukingo wa bunka, akamaliza kwa mikwaju 4, na akashinda The Open kwa mkwaju mmoja. Kama bingwa alichagua njia hiyo chini ya shinikizo lile, bogi yako hapa, yaani mikwaju 5, ni matokeo mazuri. Iandike kwenye kadi kwa furaha.

La 18 ni fupi. Lenga saa iliyo kwenye jengo la Royal and Ancient, usiegemee kulia ambako kuna barabara ya mji, na mkwaju wa pili uupeleke wa kutosha kulivuka bonde la Valley of Sin lililo mbele ya grini.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mombasa:* Mwalimu, sisi upepo wa bahari tumeuzoea. Kuna tofauti gani?

*Jibu:* Mkuu, mna faida kweli. Tofauti ni umbo la uwanja: upepo ukikusukuma mashimo ya kwenda, utakuwa usoni karibu njia nzima ya kurudi, na huko ndiko kuna la 14 na la 17. Hivyo usifurahie hesabu yako ukiwa shimo la 9. Upepo ukikusaidia kwenda, kusanya mapema. Na hata humo katikati unaweza kugeuka, kwa hiyo utazame kila tii.

*Dada kutoka Leicester:* Napiga mita 150 kwa draiva, hewani na kukimbia. La 17 nilicheze vipi?

*Jibu:* Dada yangu, wewe shimo hili linakufaa kuliko linavyomfaa anayepiga mbali. Mabanda usiyaruke, pita kushoto. Mkwaju wa pili ufuate fewei, wa tatu uishie pale kulia mbele ya grini, halafu sukuma. Anayejuta ni yule anayeweza kuifikia grini kwa miwili na akajaribu. La 1 nalo, usilazimishe kuvuka kijito kwa mkwaju wa pili. Simama mita 80 nyuma yake.

*Kutoka Kampala:* Nikiingia bunka zile za kuta ndefu na siwezi kutoka, nifanyeje?

*Jibu:* Kwanza tazama nyuma na pembeni, si mbele. Kutoka kwa kurudi nyuma ni mkwaju mmoja tu. Ikiwa mpira umegandamana na ukuta kabisa, kanuni tangu 2019 zinakuruhusu kuutangaza hauchezeki na kuudondosha nje ya bunka, kwenye mstari unaorudi nyuma kutoka kwenye bendera, kwa adhabu ya mikwaju 2. Ni ghali, lakini nimeona watu wakilipa 5 humo ndani kwa ubishi.

*Kijana kutoka Arusha:* Shikamoo mwalimu. Nimenunua weji ya nyuzi 60 kwa ajili ya safari. Nitaihitaji?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Ibebe kwa ajili ya bunka. Nje ya bunka iache kwenye mfuko, maana ardhi ile haina nyasi ya kuingiza fimbo chini ya mpira, utaugonga tumboni uvuke grini. Kuanzia leo, kila ukienda mazoezini, tafuta sehemu iliyofyekwa chini kabisa, simama mita 30 nje ya grini, na usukume mipira kwa fimbo ya kusukumia, ukipanda na ukiteremka, hadi mkono ujue nguvu inayotakiwa. Kisha fanya hivyo hivyo kwa chuma namba 7, mpira ukikimbia chini. Ukisafiri na mikwaju hiyo miwili, kedi wa St Andrews hatakuwa na mengi ya kukurekebisha.