Kabla hujairudisha simu mpya yenye hitilafu

Simu mpya ikianza kuzingua, usimpe fundi wa mtaani aifungue, hata kama ni rafiki yako. Ikishaguswa ndani, warantii inaweza kukataliwa. Rekodi video ya tatizo kwa simu nyingine, maana kioo kinachochezacheza nyumbani hutulia kabisa mbele ya muuzaji (sijui huwa kinaogopa nini). Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), uilinganishe na iliyo kwenye boksi na risiti. Hamisha picha, toa laini na memori kadi, kisha ondoa akaunti yako ya Google au iCloud, la sivyo simu inabaki imefungwa kwa jina lako. Ukiikabidhi, dai karatasi yenye tarehe, IMEI na tatizo lenyewe: iandikwe “kioo kinachezacheza”, si “simu mbovu”.