Kabla ya kwenda Maziwe, tazameni mwezi

Wageni mke na mume mliohamia Tanga kikazi, safari ya Maziwe msiipange kwa kalenda ya ofisini tu. Kisiwa hicho, nje ya Pangani, ni fungu la mchanga lisilo na mti hata wa kivuli, na maji yakijaa hufunikwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: bahari hupwa sana, kwa kawaida kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, na mchanga hutokeza vizuri. Kila siku inayofuata maji huchelewa karibu dakika 50, hivyo baada ya wiki mtakuta maji mafu, yaani yasiyopwa wala kujaa sana, na saa zimeshageuka. Muulizeni nahodha maji yanapwa saa ngapi kabla hamjagusia bei. Akijibu “wakati wowote twende tu”, mimi ningetafuta mwingine.

Kofia na maji ya kunywa, bila shaka. Mkiunganisha na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, bebeni pia vibali vya ukaazi, maana kiingilio cha mgeni mkaazi ni nafuu kuliko cha mtalii.